Gramu 18 zinaingia, gramu zipi zinatoka?

Kilichonitia mbioni kutafuta mashine nyingine ya kusagia kahawa si tamaa ya vifaa, ingawa mke wangu ana maoni yake juu ya hilo. Ni usingizi wake yeye mwenyewe. Hupenda espreso, ile kahawa nzito inayokamuliwa kwa maji ya moto yenye shinikizo, ikiwa na maziwa, baada ya chakula cha usiku, na kwa kuwa kafeini humkesha, tulianza kumnunulia kahawa iliyoondolewa kafeini. Wiki ya kwanza akaniuliza kama nina hakika na ile pakiti, maana saa saba usiku alikuwa bado anahesabu mbao za dari. Nikamhakikishia. Wiki ya pili akauliza tena, safari hii kwa ile sauti ambayo mtu mwenye akili haijibu kwa maneno.

Basi nikachomoa waya ukutani, nikafungua mashine.

Ilikuwa ya aina ya kawaida: bakuli la juu linalomeza robo kilo ya punje, meno bapa ya milimita 50 (zile bangili mbili za chuma zinazosaga punje), na mfereji mwembamba unaoteremka mpaka kwenye potafilta, kikapu chenye mpini kinachobeba unga kwenye mashine ya espreso. Mtaka cha uvunguni sharti ainame, nami niliinama na tochi, brashi ya rangi na kijiti cha meno. Unga niliokwangua kwenye mfereji ule na pembeni mwa meno nikauweka juu ya mizani: gramu 3.6. Hiyo ndiyo iliyokuwa ikilala humo. Nikisaga kahawa yangu alasiri, gramu tatu na ushei za mwisho zinabaki ndani. Usiku nikimsagia yeye ya kwake, za kwangu ndizo zinazosukumwa nje kwanza, moja kwa moja hadi kwenye kikombe chake. Kahawa ya aina ya Arabika ina kafeini takriban asilimia 1.2 ya uzito wake, kwa hiyo gramu 3.6 hubeba kama miligramu 43. Kwa mtu anayekeshwa na kafeini hiyo si haba.

Ugunduzi huo ulinifungua macho kwa jambo jingine lililokuwa likinikera kwa miezi. Kikombe changu cha kwanza asubuhi kilikuwa kinakimbia, yaani kahawa inatiririka upesi mno, gramu 36 za kinywaji kwa sekunde 19, na cha pili, kwa kipimo kilekile bila kugusa kitu, sekunde 27. Nilikuwa nalaumu mashine ya espreso kwamba haijapata moto vizuri. Kumbe unga uliolala ndani usiku kucha ulikuwa umeshapoteza gesi na harufu yake, na maji yalipita humo kwa wepesi. Dawa niliyokuwa nikiisikia ni kusaga gramu tano za kwanza na kuzitupa. Kila siku, kwa mwaka mzima, hizo ni gramu 1,825. Karibu kilo mbili za kahawa nzuri, zote pipani.

Ndipo nikaingia kwenye dunia ya mashine za dozi moja. Wazo lake ni jepesi: mashine haina ghala. Unapima gramu 18, unazimimina, inasaga zote, inatoa zote, inabaki tupu. Kesho ukitaka kahawa nyingine unamimina nyingine. Mtindo huu ulitokea kwenye mabaa ya kahawa kabla ya kufika jikoni. Mwaka 2013, kwenye mashindano ya dunia ya barista, yaani waandaaji kahawa, yaliyofanyika Melbourne, Matt Perger wa Australia alisaga espreso yake kwa Mahlkönig EK43, dude kubwa lenye meno bapa ya milimita 98 ambalo hakuna aliyelihesabu kuwa mashine ya espreso. Alimaliza wa pili, na baada ya hapo kila mtu akataka kupima dozi moja moja. Mwaka 2017 ikaja Niche Zero kupitia mchango wa wanunuzi mtandaoni, ndogo, ya nyumbani, na tangu hapo soko limejaa.

Kabla ya kununua chochote nilijaribu ubahili. Niliondoa bakuli la juu la mashine yangu ya zamani nikawa namimina gramu 18 tu. Haikufaa, lakini ilinifunza kitu ambacho watangazaji hawakitaji. Bakuli likijaa, uzito wa punje za juu huzishindilia za chini kwenye meno, na usagaji unakwenda sawasawa. Ukiweka dozi moja, zile punje za mwisho hazina kitu cha kuzibana, zinarukaruka kama bisi, nyingine zinapasuliwa tu badala ya kusagwa. Ilinibidi nisogeze kipimo cha usagaji kwenye ulaini zaidi ili nipate muda uleule, na bado vikombe havikufanana. Mashine iliyoundwa kwa dozi moja hupambana na hilo kwa umbo la chumba chake: mlango mwembamba, mtelemko mkali, kifuniko, wakati mwingine parafujo inayosukuma punje kidogo kidogo kwenye meno. Hiyo ndiyo kazi unayoilipia. Kuondoa ghala peke yake ni kuondoa plastiki.

Niliazima mashine mbili za umeme za dozi moja, moja ya meno bapa na moja ya meno ya koni, kutoka kwa watu wawili wenye subira, na moja ya mkono nikanunua. Sasa nifike kwenye jaribio ninalolionea fahari kuliko yote, kwa sababu halikuhitaji chochote zaidi ya karatasi nyeupe.

Matangazo ya mashine hizi yanajivunia kwamba hazibakizi kitu. Unaingiza 18, zinatoka 18. Sawa. Nikachukua kahawa iliyokaangwa hadi nyeusi tii, nikasaga gramu 18 kwenye ile ya meno bapa. Zikatoka 17.9. Nikachukua kahawa iliyokaangwa kidogo tu, ya rangi ya mdalasini, nikasaga 18. Zikatoka 18.0 kamili. Mizani imeridhika, mnunuzi ameridhika. Kisha nikaumwaga ule unga wa rangi ya mdalasini juu ya karatasi na kuutandaza kwa kisu. Madoa meusi kila mahali, kama pilipili manga kwenye unga wa mahindi.

Mizani inajua uzito; haijui ni kahawa gani. Mashine inaweza kukupa gramu 18 ambazo moja kati yake ni ya jana, na ikabakiza moja ya leo kwa ajili ya kesho, na hesabu ikawa safi daima. Kwa hiyo swali la kumuuliza muuzaji, au la kuijaribia mashine, ni kiasi gani kinabadilishana nafasi baina ya dozi na dozi. Nilirudia jaribio, safari hii nikikusanya unga kwa mafungu: gramu tatu za kwanza karatasi moja, tatu zinazofuata karatasi nyingine, hivyo hivyo mpaka mwisho. Karibu madoa yote meusi yalikuwa fungu la kwanza. La pili machache. Baada ya hapo sikuona kitu. Ile ya meno ya koni ilikuwa na madoa machache zaidi, lakini ilikuwa nayo pia. Ile ya mkono, baada ya kuigongagonga na kuipiga brashi, karibu safi kabisa.

Toka siku ile sitafuti tena sifuri. Ninapobadili kutoka kahawa yangu kwenda ya mke wangu, nasaga gramu mbili za ya kwake na kuzitupa, halafu nasaga dozi yake. Nikirudia kahawa ileile situpi kitu. Gramu mbili mara moja kwa siku ni mbali sana na tano kila asubuhi pamoja na zile zilizokuwa zikivuruga kikombe cha usiku.

Mbona unga unang'ang'ania ndani hata kwenye chumba kitupu? Sehemu kubwa ni umeme tuli. Punje zikisuguana na meno na kuvunjika huchaji, unga unajibandika kwenye kuta, na makapi yanaruka nje yanashika meza, kikombe, mikono, kila kitu isipokuwa pale unapoyataka. Siku ya kwanza na ile ya meno bapa meza yangu ilionekana kama nimepiga msasa mlango. Dawa yake ni tone la maji. Unazipulizia punje mara moja kwa kichupa cha manukato kilichosafishwa, unazitikisa, unasaga. Nilidhani ni ushirikina wa watu wa kahawa, lakini mwanakemia Christopher Hendon wa Chuo Kikuu cha Oregon na wenzake waliupima mwishoni mwa 2023: unyevu ulio ndani ya punje ndio unaoamua chaji kwa kiasi kikubwa, kahawa iliyokaangwa sana ni kavu zaidi na huchaji zaidi, na maji kidogo kabla ya kusaga hupunguza chaji na kuutuliza unga usigandane mabonge. Kwangu tofauti ilionekana kwa macho. Mashine nyingi zina pia mvukuto wa mpira juu, unaupiga mara tatu nne mwishoni na unga uliokwama unatoka. Unafanya kazi, ila nakuonya: ukiupiga kwa nguvu unang'oa hata unga wa zamani uliokuwa umejibandika kwa amani, na unaudondosha kwenye dozi yako. Napiga taratibu, kila mara, nisiruhusu kitu kilale.

Sasa meno. Hapa watu hugombana, nami nitasema yangu kwa ufupi kuliko wanavyotarajia. Meno ya koni, kama yale ya milimita 63 ndani ya Niche, huzunguka polepole na kunipa kikombe kizito, kinachojaa mdomo, chenye kusamehe makosa. Meno bapa, kama yale ya milimita 64 ndani ya DF64, mashine nyingine ya dozi moja, kwenye mashine niliyoazima yalikuwa yakizunguka mara karibu 1,400 kwa dakika, na kahawa iliyokaangwa kidogo ilinipa ladha zilizoachana, unaweza kuzinyooshea kidole moja moja. Lakini nikikosea kidogo, ilinipiga uchungu au ukakasi bila huruma. Ukubwa wa milimita 64 una faida yake: watengenezaji kadhaa wanauza meno ya ukubwa huo peke yake, SSP wa Korea Kusini wakiwa maarufu kuliko wote, kwa hiyo unaweza kubadili tabia ya mashine bila kununua nyingine. Kwangu mimi, ninayekunywa kahawa ya kukaangwa wastani, na nyumba ambayo nusu ya vikombe vinaingia maziwa, koni ilitosha. Zile ladha zilizoachana zilikuwa zinazama kwenye maziwa.

Kuna jambo moja ambalo naliweka juu ya umbo la meno na juu ya kipenyo chake: kama yamekaa sawa. Ile ya meno bapa niliyoazima ilikuwa imenunuliwa mkono wa pili, na espreso yake ilikuwa haieleweki. Leo sekunde 31, kesho 22, na chini ya potafilta isiyo na mdomo niliona maji yamepata njia ya mkato upande mmoja, yanarusha vinyunyizo hadi kwenye shati. Nililaumu ushindiliaji wangu. Nikanunua kijiti chenye sindano za kukorogea unga, kwa mbinu ile iliyobeba jina la John Weiss, na hali ikapata nafuu kidogo tu. Mwenye mashine ndiye aliyenishauri nipake wino wa kalamu nene kwenye ukingo wa meno, nifunge, nizungushe kwa mkono huku nikikaza mpaka yaguse kidogo. Nilipofungua, wino ulikuwa umekwanguka upande mmoja tu, kama mwezi mchanga. Upande ule meno yalikuwa yanagusana na upande wa pili yapo mbali. Unga wake ulikuwa mchanganyiko wa vumbi na changarawe. Tuliweka vipande vya karatasi ya alumini chini ya meno ya upande ulio chini, tukapaka wino upya, tukarudia mara tano au sita, jioni nzima ikaisha. Wino ulipoanza kukwanguka mduara mzima, sekunde zikatulia. Mashine nzuri inafika ikiwa hivyo kutoka kiwandani. Kama utanunua iliyotumika, nenda na kalamu.

Mashine ya mkono naipenda na siwezi kuishi nayo. Niliyonunua ina meno ya koni ya milimita 48, na kila mlio wa gurudumu la kipimo husogeza meno chini ya maikroni tisa (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), ambao ni ulaini wa kutosha kabisa kwa espreso: mlio mmoja ulinibadilishia muda kwa sekunde mbili tatu. Nyingi za zamani zinaruka zaidi ya maikroni ishirini kwa mlio, na hapo unajikuta katikati ya kipimo kinachokaba na kinachokimbia, hakuna cha tatu. Ubora wa kikombe ulilingana na mashine ya umeme iliyo kubwa mara nne. Lakini gramu 18 za kahawa iliyokaangwa kidogo ni dakika nzima ya kunyonga, umeibana kifuani, na punje moja ngumu ikikwama bega linajua. Ukiwa peke yako na kikombe kimoja kwa siku, acha kusoma hapa ununue ya mkono. Siku walipokuja wageni watano nilianza kuwaangalia kwa jicho baya.

Vitu vidogo ambavyo havimo kwenye jedwali lolote la sifa ndivyo vilivyoamua mwisho. Kimo, kwa mfano. Mashine yenye mvukuto inahitaji nafasi ya kuuinua, na kabati langu la juu liko sentimita 45 kutoka mezani. Moja niliyoitamani ingebidi niivute mbele kila asubuhi kama droo. Kelele: nilisimama chumba cha pili mtoto akiwa amelala, nikamwomba mke wangu awashe. Koni ilinguruma, bapa ilipiga mluzi, mtoto alichagua kwa niaba yetu. Na gurudumu la kipimo. Mtu mwenye bakuli moja la punje huweka kipimo chake mara moja na kusogeza nywele moja kila siku chache. Mtu wa dozi moja anasafiri kutoka kahawa hadi kahawa kila siku, kwa hiyo gurudumu lisilo na hatua, lenye namba zinazosomeka bila miwani, linalorudi palepale ulipoliacha, lina thamani kuliko mota yenye nguvu ambayo hutaihitaji. Kahawa yangu ni 14, ya mke wangu ni 11 na nusu, nimeandika kwa kalamu ileile ya wino juu ya mitungi.

Kahawa ya mke wangu haiishi haraka, kikombe kimoja kwa usiku, kwa hiyo tunaipima gramu 18 kwenye vichupa vidogo vyenye vifuniko vya kukaza na kuvitupa kwenye friza. Nasaga ikiwa bado ya barafu. Utafiti wa 2016 uliochapishwa na jarida la Scientific Reports, ambao huyo Hendon alishiriki, ulionyesha kwamba punje baridi huvunjika kuwa unga laini zaidi na unaofanana zaidi, na kweli ile 11 na nusu ilibidi nisogeze mpaka 12 tulipoanza kugandisha. Na kwa sababu kila dozi inapita mbele ya macho yangu kwenye kikombe kabla ya kuingia, mwezi uliopita niliona kijiwe cha ukubwa wa dengu kimejificha kati ya punje. Kwenye bakuli lile la robo kilo kingeshuka kimyakimya, ningekijua kwa sauti.

Nisingemshauri kila mtu. Mtu anayekunywa kahawa moja, pakiti moja, vikombe vinne kabla ya saa tatu asubuhi, atajichosha bure kupima na kupulizia maji. Yeye bakuli la juu limeundwa kwa ajili yake, na mabaki yake hayapati muda wa kuchakaa. Kwa hesabu hiyohiyo mashine yetu ya zamani nilimpa shemeji yangu, ambaye wageni wake hawakauki na hajawahi kubadili aina ya kahawa tangu nimjue. Nilimkabidhi ikiwa imesafishwa, nikamwambia asiiguse kipimo.

Juzi kanipigia simu. Anasema mashine ni nzuri, hana neno, ila kuna kitu hakielewi: kikombe cha kwanza asubuhi kinakimbia, cha pili kinatulia. Je, ile mashine ya espreso huwa inachelewa kupata moto? Nikamuuliza kama ana mizani ya gramu na kijiti cha meno.